Uponyaji wa Kidogo Kidogo: Je, Anayeenda Fizio Amekosa Imani?

Maandiko ya kusoma: Waebrania 12:11–13, Kutoka 23:29–30, Marko 8:22–26



Juma hili nimeombwa niandike kuhusu swali ambalo wapendwa wengi wamekuwa wakiniuliza tangu nifanyiwe upasuaji wa mguu. Wengine huniuliza wazi, wengine huzunguka zunguka. Swali lenyewe ni hili: mtu akiombewa, wazee wakampaka mafuta vile Yakobo 5 inavyosema, halafu Jumanne anaonekana kwenye steji akienda kliniki na magongo yake, je, huyo amekosa imani? Na akipona baada ya miezi mingi ya kukunjwa goti, ni nani amemponya? Ni Mungu, ni daktari, au ni yeye mwenyewe na jasho lake?

Hili si swali la kupitisha wakati. Naamini kuna mtu kati yetu ambaye wiki hii ataamua kama ataendelea na mazoezi au ataacha, na ataamua kulingana na yale anayosikia hapa kanisani. Kwa hivyo tulijibu kwa makini, na Neno likiwa mkononi.

FIZIO NI NINI HASA

Boda boda niliyokuwa nimepanda iligongwa. Mfupa wa paja ukavunjika karibu na goti. Madaktari walifungua, wakaunganisha kwa bamba la chuma na skrubu, wakashona. Kazi ya thieta ilikuwa ya masaa. Kilichofuata kimekuwa cha miezi.

Wengi wetu tunadhani daktari akishashona, kazi imekwisha, kilichobaki ni supu na kupumzika. Sivyo. Msuli usiotumika hunywea haraka sana. Baada ya wiki chache kitandani, paja langu moja lilikuwa la mama mzima na lingine la mtoto wa shule. Goti lisilokunjwa hujenga makovu ndani yake, yanashikana, na mwisho linakataa kabisa kukunjika. Mfupa nao una tabia yake. Mwaka wa 1892 daktari Mjerumani, Julius Wolff, alichapisha kitabu akieleza kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaobebeshwa. Usipobeba kitu, unapungua nguvu. Lakini ukibebeshwa mwingi kabla haujashikana, chuma kinaweza kupinda au hata kuvunjika.

Sasa hapo ndipo mtaalamu wa fizio anapoingia. Kazi yake ni kujua kiasi. Leo gusa sakafu kwa vidole tu. Baada ya picha nyingine, weka mguu mmoja juu ya mizani ya kawaida ujue nusu ya uzito wako inahisi namna gani. Kaza msuli wa paja, hesabu mpaka tano, legeza. Buruta kisigino kitandani kuelekea makalio, rudisha. Kipande cha blada kinafungwa kwa mguu wa meza, unavuta. Mfuko wa mchanga unafungwa kwenye kifundo, unainua. Halafu anachukua kipimo kinachofanana na protrakta ya mtoto wa darasa la sita, anapima pembe ya goti na kuandika kwenye faili.

Siku ya kwanza langu lilisoma digrii 40. Kutembea vizuri kunataka kama 60 au 70. Kupanda ngazi na kuinuka kwenye kiti kunataka 90 au zaidi. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunapita hapo mbali, na kupiga magoti ukakalia visigino vilevile. Mimi ni mama wa maombi. Niliposikia hesabu hiyo, sikuwaza ngazi. Niliwaza magoti.

JE, NJIA YA POLEPOLE NI YA MUNGU?

Wapendwa, katika ibada zetu tukisema "nani ana ushuhuda?" tunajua ushuhuda tunaoutaka. Tunataka ule wa ghafla. Aliingia akibebwa, akatoka akiruka. Na Mungu hufanya hivyo! Yule kiwete wa Mlango Mzuri katika Matendo 3 alikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, na nyayo zake zilipata nguvu mara moja. Sikufundishwa kulitilia shaka hilo, na nimeliombea mguu wangu mwenyewe.

Lakini tusome Biblia yote. Katika 2 Wafalme 20, Hezekia alilia mbele za Mungu, na Mungu akamjibu wazi kabisa: atapona, siku ya tatu atapanda nyumbani kwa Bwana, na ataongezewa miaka kumi na mitano. Ahadi iko, imetiwa muhuri. Na bado nabii Isaya akaagiza waandae tini, waziweke juu ya jipu. Tini ni za nini kama Mungu ameshasema? Isaya hakuona ugomvi wowote kati ya neno la Bwana na dawa iliyopakwa. Wala Hezekia hakusema, "Ondoeni hizi tini, zinaaibisha imani yangu."

Tena Marko 8. Kipofu wa Bethsaida alishikwa na mkono wa Yesu mwenyewe, na mara ya kwanza aliona watu kama miti inayotembea. Hakuona vizuri. Yesu akamwekea mikono tena. Mimi nauliza: kati ya mkono wa kwanza na wa pili, yule mtu alikuwa amekosa imani? Au alikuwa katikati ya muujiza? Na aliposema ukweli kwamba bado haoni sawasawa, Yesu hakumkemea. Hakumlazimisha akiri kwamba anaona.

Na Kutoka 23 inatupa sababu. Mungu aliwaambia Israeli kwamba hatawaondoa adui zao wote kwa mwaka mmoja, kusudi nchi isibaki ukiwa na wanyama wa mwitu wakaongezeka. Atawaondoa kidogo kidogo mpaka watu wenyewe waongezeke na kuirithi. Angalia vizuri. Polepole ile haikuwa adhabu wala uchache wa nguvu za Mungu. Ilikuwa rehema. Aliwapa kwa kiasi ambacho wangeweza kukishika. Nikiwa pale kati ya vile vyuma viwili vya kujishikilia, nilielewa andiko hilo. Mguu ambao mfupa wake umeunga lakini msuli haujarudi, ukipewa barabara nzima siku moja, utaanguka nao.

NI NANI ANAYEPONYA?

Sisi wa Uasin Gishu tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengine. Mahindi yetu tunapanda Machi au Aprili, tunavuna Oktoba, Novemba. Katikati kuna kulima, mbegu, mbolea, palizi, na usiku mwingi ambao hatufanyi chochote ila kulala. Katika Marko 4 Yesu alisema habari za mtu apandaye mbegu, akalala na kuamka, nayo inakua asijue jinsi gani. Jamani, nani amewahi kusimama hapa mbele aseme, "Mungu hakunipa mahindi haya, kwa sababu yalichukua miezi saba na nilitumia jembe"? Hakuna. Tunaleta malimbuko tukiimba. Basi kwa nini mguu uliochukua miezi saba tuseme ni wa daktari?

Mtaalamu wangu ni kijana, anaweza kuwa mtoto wangu. Ananiita mwalimu, maana nilifundisha shule ya msingi miaka mingi. Siku moja nilimshukuru kwamba ameniponya. Akatikisa kichwa, akasema, "Hapana, mwalimu. Mimi nakupa kazi tu. Mwili ndio unafanya, na mwili sikuuumba mimi." Sijui anasali kanisa gani. Lakini hayo ni mahubiri.

Mimi naweza kukunja goti mara thelathini asubuhi na thelathini jioni. Siwezi kuamuru chembe moja ya mfupa ishikane na mwenzake usiku nikiwa usingizini. Lakini pia, nisipokunja, zile chembe zitaunga vizuri kabisa na goti libaki gumu kama mti. Paulo aliweka mambo haya mawili pamoja katika Wafilipi 2:12–13: fanyeni kazi, kwa sababu Mungu ndiye anayefanya kazi ndani yenu. Hakusema "fanyeni kazi kwa sababu Mungu amenyamaza." Na yule mwenye mkono uliopooza katika Marko 3 aliambiwa aunyoshe. Aliagizwa kufanya lile lile ambalo alikuwa hawezi. Nguvu ilikuja ndani ya kunyosha, haikuja akiwa ameukunja akisubiri kuona.

Hapa mjini kwetu tunaona vijana wakikimbia alfajiri kwenye barabara ya Iten hata July na baridi yake. Hatuwaambii mazoezi ni kukosa imani. David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 kule London mwaka wa 2012 kwa dakika 1:40.91, alikosa mashindano ya dunia ya Moscow 2013 kwa sababu ya goti. Alirudi, akashinda dhahabu ya dunia Beijing 2015 na dhahabu ya Olimpiki Rio 2016. Tulishangilia na kumshukuru Mungu, na hakuna aliyesema kwamba mwaka ule wa kungoja na kujirudisha ulipunguza utukufu wa Mungu.

MAUMIVU MAWILI

Sasa nizungumze juu ya uchungu, maana fizio inauma, tusidanganyane. Kuna siku kijana yule aliweka mkono mmoja juu ya paja na mwingine kwenye kifundo, akakunja, na mimi nikaita jina la Yesu kwa sauti mpaka watu wa kwenye foleni wakaitikia Amina.

Nyumbani wifi yangu aliona nikijikunja mwenyewe kitandani, machozi yanatoka, akasema, "Si mmwache apumzike, jamani! Kwani lazima?" Alisema kwa upendo. Lakini nimewaza sana juu ya upendo wa aina hiyo. Huruma inayoniacha nipumzike inanipa jioni moja nzuri na mguu mgumu wa maisha. Huruma inayonikunja inanipa jioni mbaya na mguu. Ni ipi yenye huruma zaidi? Na sisi wazazi, sisi viongozi wa ushirika, mara ngapi tumemwachia mtu jambo ambalo lingepaswa kukunjwa, kwa sababu hatukutaka kumsikia akilia?

Mwandishi wa Waebrania 12 anasema kurudiwa hakufurahishi wakati wake, bali baadaye huzaa matunda kwa waliozoezwa. Halafu mistari ya 12 na 13 anataja mikono iliyolegea, magoti yaliyopooza, na kilicho kiwete, ambacho anataka kiponywe, kisipotoshwe. Magoti, wapendwa! Najua anazungumza juu ya roho. Lakini alichukua mfano wake kutoka kwa mwili, na mimi nimeusoma kwa mwili.

Hata hivyo, tahadhari mbili. Ya kwanza: si kila maumivu ni mazuri. Kijana yule alinifundisha kutofautisha. Uchungu wa kuvutika, unaopungua ukipumzika, vumilia. Uchungu mkali wa ghafla, au goti kuvimba na kuwa moto, simama, uliza. Na nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti ikivimba na kuuma, au pumzi ikikata, usingoje kliniki ya wiki ijayo wala kesha la Ijumaa; enda hospitali saa hiyo hiyo, maana damu inaweza kuwa imeganda. Ya pili: usimwendee mgonjwa ukamwambia ajali yake ni fimbo ya Mungu kwa dhambi fulani. Rafiki za Ayubu walisema hivyo na Mungu akawakasirikia. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza ni nani alitenda dhambi, na Yesu akalikataa swali lenyewe. Mungu anaweza kutumia uchungu wa kunyosha goti bila kuwa ndiye aliyeigonga boda boda.

TUPA MAGONGO?

Hapa nitasema jambo zito, na nalisema kwa hofu ya Mungu. Kwenye benchi la kungoja nilikaa na kijana aliyevunjika kama mimi. Alikuwa akiendelea vizuri. Akaenda krusedi mahali fulani, akaombewa, akaambiwa mbele ya watu kwamba kama ana imani atupe magongo atembee. Akayatupa. Watu wakapiga makofi. Wiki chache baadaye chuma kilikuwa kimepinda, akarudishwa thieta mara ya pili. Aliniuliza, "Mama, imani yangu ilikuwa ndogo?"

Nilimjibu: hapana, mwanangu. Imani yako haikuwa ndogo. Aliyekuambia utupe alikuwa akiweka dau mguu ambao si wake. Maana siku chuma kilipopinda, yeye hakuwepo. Bili hakuilipa yeye. Makofi alibaki nayo.

Hilo ndilo ninalotaka kanisa lilitafakari. Imani ambayo gharama yake inalipwa na mwili wa mtu mwingine, ni imani ya nani? Yesu aliwatuma wale wenye ukoma kumi kwa makuhani, na kuhani kwa sheria ya Walawi 14 ndiye aliyekuwa akikagua. Uponyaji wa kweli hauogopi kukaguliwa. Ukiombewa ukahisi nguvu, haleluya! Enda na nguvu hiyo upigwe picha, na daktari akisema mfupa umeshika, hapo tupa magongo na sisi tutapiga makofi mpaka mabati yatikisike. Muujiza hautapungua kwa kungoja Jumanne.

Vilevile usimkimbilie kila anayesema anakanda mifupa. Kenya ina sheria ya wataalamu wa fizioterapia tangu 2014, na wana baraza linalowasajili. Kuuliza "umesajiliwa?" si dharau.

NA ASIYEPONA KABISA?

Leo goti langu linasoma digrii 105. Natembea na fimbo moja. Nimejifunza ngazi kwa msemo ambao wataalamu wa fizio huwafundisha wagonjwa: mguu mzuri unatangulia kwenda mbinguni, mguu mbaya unatangulia kwenda kuzimu. Yaani ukipanda anza na ule mzima, ukishuka anza na ule mgonjwa, kwa sababu kila mara mzima ndio unaobeba kazi ngumu. Tulicheka sana. Lakini ni fundisho pia: mzima hubeba, mgonjwa hubebwa, na wote wanafika pamoja.

Kupiga magoti bado. Labda nitafika, labda goti litaishia hapa. Naomba nikiwa nimekaa kwenye kiti, na mwanzoni nilihisi kama maombi hayapandi vizuri. Kisha nikamkumbuka Yakobo. Alishindana usiku kucha, akabarikiwa, na akatoka pale akichechemea. Na Waebrania 11, ile sura ya mashujaa wa imani, inamtaja akiwa mzee anaabudu huku ameegemea fimbo yake. Fimbo iko ndani ya sura ya imani! Na Mefiboshethi katika 2 Samweli 9 alikula mezani pa mfalme siku zote, na sura inafungwa kwa kutuambia kwamba miguu yake yote miwili ilikuwa na kilema. Hakuponywa kwanza ndipo aalikwe. Meza ilimfunika miguu.

KAZI YA KANISA

Wale watu wanne wa Marko 2 hawakumhubiria mwenye kupooza juu ya imani. Walimbeba, wakapanda darini, wakafungua paa. Imani yao ilikuwa na mikono. Basi kama ndugu anaenda kliniki mara mbili kwa wiki, kikundi chake cha nyumbani kijue nauli yake inatoka wapi. Wakina mama wakimtembelea, mmoja akae kando ya kitanda amhesabie: moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. Hiyo nayo ni maombezi. Choo cha kanisa kiwekwe kimoja cha kukalia. Na siku ya ushuhuda, tuwape nafasi wale wa kidogo kidogo. Mtu asimame aseme, "Mwezi jana nilikuwa 70, leo ni 85, na Bwana ni mwema," na kanisa liseme Amina ile ile tunayompa aliyeruka.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe unayeweza kuponya kwa neno moja, tunakushukuru pia unapoponya kwa miezi. Wape subira walio kwenye magongo. Wape ujuzi na utulivu wataalamu wetu wa kliniki na wodi za Eldoret. Utulinde tusimjaribu mtu kwa mguu wake. Na asiyeweza kupiga magoti leo, pokea maombi yake akiwa amekaa. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:
1. Kwa nini Isaya aliagiza tini baada ya Mungu kuahidi uponyaji?
2. Ni jambo gani maishani mwako ambalo Mungu analiondoa kidogo kidogo? Unaona rehema gani katika mwendo huo?
3. Katika kikundi chetu, ni nani anahitaji kubebwa wiki hii, na ni nani atashika pembe ipi ya mkeka?